Theluji Iliyokula Diski ya Orysia

Kufikia saa nane mchana Orysia Hnatiuk alikuwa hajui tena ametoka nje na ufagio mara ngapi. Theluji ya Aprili huku kaskazini ya mji wa Dauphin, Kanada, ni balaa tupu: ina maji, inanata, na ikishalilalia dishi la intaneti, mawasiliano yamekwisha. Anapanda ngazi, anafagia, anarudi ndani soksi zimelowa, anabonyeza kupakua upya. Na sasa kompyuta imeanza kumwambia diski imejaa.

Imejaaje? Jana asubuhi ilikuwa na nafasi ya giga sita. Yeye alitaka rekodi kumi na tisa tu, zote pamoja hazizidi giga nne. Amepata sita, na nafasi imekwisha. Alifuta picha za harusi ya mpwa wake, akafuta mapishi, akafuta barua zote za akina mama wanaopika perohy, zile sambusa za kuchemsha za Kiukreni, kanisani. Wapi! Kompyuta bado inalia imejaa.

Na saa kumi na moja jioni chuo kilichozihifadhi rekodi hizo kinaufunga ukurasa wake moja kwa moja. Sauti iliyomo ni ya marehemu baba yake, Vasyl, aliyeimbisha kanisa lao miaka arobaini na mmoja bila kuandika noti hata moja. Jumapili hii padri anakuja kubariki makaburi. Alishasema wazi kwamba akikosa mtu wa kumwitikia, mwakani haji. Waumini wamebaki kumi na mmoja, wakatazamana, na Orysia, aliyeishi Winnipeg miaka thelathini na kurudi juzijuzi, akajikuta amesema atajifunza.

Akampigia jirani yake, Metro Kostyniuk, mkulima mstaafu anayetengeneza mashine za kuvunia na kompyuta za wajane. Metro akaja na trekta, akakung'uta kofia, akakaa.

"Mtandao ukikatika unafanyaje?"

"Naanza upya."

"Mwanzo kabisa? Na hiki kitufe cha kuendelea hujakiona?"

"Nimekiona. Wimbo wa ibada hauanziwi katikati, Metro. Nyanya yangu akikatizwa sala hata na kuku, alianzia kwenye ishara ya msalaba."

Metro akaivuta kompyuta kwake. "Kompyuta haisali, mama. Kila ulipoanza upya, kile kipande cha kwanza hakikuondoka. Kimejificha humu." Akafungua folda ambayo Orysia hakuwahi kuiona. Vipande thelathini na nane, kila kimoja wimbo nusu, vimejipanga. "Na hizo picha ulizofuta zimekaa kwenye pipa la taka. Hulimwagi?"

"Naweza kuzihitaji."

"Kama zile ndoo tupu za aiskrimu kule chini?"

"Ndoo zangu ziache."

Akahamishia picha kwenye diski yake ndogo ya mfukoni, akafuta vipande vyote, akamwaga pipa. Nafasi ikarudi. Tangu hapo walifanya kazi kama watu wanaowahisha mavuno kabla ya mvua: Orysia juu ya ngazi anafagia, Metro mezani anabonyeza kuendelea kila ilipokatika. Kumi. Kumi na nne. Saa kumi na nusu zilikuwa kumi na nane, na Orysia akaanza kucheka mwenyewe kule juu.

Ya kumi na tisa, ile ya makaburini hasa, ilifika nusu. Saa kumi na moja ikagonga, ukurasa ukatoweka.

Metro akakichezesha kile kilichopatikana. Sauti ya Vasyl ikapanda ubeti wa kwanza, ikaingia wa pili, ikakatika. Orysia akakaa kwenye kiti na koti lake lililolowa, akalia.

"Nitasimama kwenye kaburi lake na wimbo nusu," alisema. "Mimi, mwanawe."

Metro alikuwa ameinamia mikono yake. Kisha, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, akaimba mstari uliofuata. Akaimba na wa baada yake. Orysia akainua uso.

"Umejifunzia wapi?"

"Nilisimama kando ya baba yako misimu miwili, nilipokuwa kijana. Siku moja akanigeukia mbele ya kanisa zima, akasema sauti yangu ni ya kuitia ng'ombe." Akakohoa. "Sijafungua mdomo humo tena. Miaka hamsini na mbili."

Orysia alitaka kumtetea baba yake, kama alivyozoea. Lakini alimjua, ndivyo alivyokuwa. Akajifuta macho, akavuta penseli na bahasha.

"Jumapili utasimama kando yangu."

"Kaburini kwake?"

"Kaburini kwake. Haya, imba tena, taratibu, niandike."