Zamu Yetu ya Maji

Baragumu lile nalisikia hadi leo: puuu ndefu kutoka kilimani, halafu mbwa wote wa kijiji cha Gare wanalijibu. Maana yake kila nyumba itoe mtu na jembe, mfereji unasafishwa. Usipotoa mtu, hupati zamu ya maji.

Sisi hatukuhesabiwa nyumba. Makao yetu yalikuwa na watoto kumi na mmoja, wengine yatima, wengine waliokotwa mlangoni pa kanisa. Walezi tulikuwa wawili: mama mkuu, aliyekuwa anaumwa miguu, na mimi niliyeishia darasa la nne. Siku zile za kujitegemea, bwana mmoja wa ofisini alituambia kwamba tusipojilisha kwa shamba letu, watoto watagawanywa huku na huko. Na viazi vyetu vilikuwa vinanyauka, maji yakipita juu yetu kwenda kwa majirani.

Basi baragumu lilipolia nikachukua jembe, watoto wote nikawapanga nyuma yangu.

Mzee wa mfereji, ndiye mgawa zamu, alitutazama tukipanda.

"Binti, tumeita majembe. Hatukuita shule."

"Shikamoo babu. Tumekuja kutafuta zamu."

"Marahaba. Zamu ni ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Huyu wa nani?"

"Wangu."

"Na huyu?"

"Wangu, babu. Wote wangu."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Akawageukia wenzake. "Watoto kumi na mmoja kwa miaka kumi na tisa. Huyu alianza kuzaa akiwa bado ananyonya."

Wanaume wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Nami nikacheka, maana hesabu yake ilikuwa sawa.

Hakutufukuza. Alitupa kona mbaya, pale ukuta wa udongo ulipokuwa ukibomoka kila mwaka, labda ili tuchoke turudi. Kumbe udongo ule hautaki nguvu, unataka kukanyagwa muda mrefu, na mtu mzima huona haya kurukaruka. Watoto wangu hawakuwa na haya hiyo. Waliruka wakiimba asubuhi nzima, tope mpaka kwenye nyusi, yule mdogo kabisa nikimshika mikono.

Saa saba maji yakafunguliwa. Yakafika konani, yakapinda, yakapita. Mzee akapiga magoti, akaupapasa ukuta kwa nje. Mkavu.

"Nyumba ya watoto," akatangaza, "Jumatano, alfajiri mpaka adhuhuri."

Tulishuka kilima tukiimba Jumatano, Jumatano. Na bwana wa ofisini aliporudi wakati wa mavuno tulimchemshia viazi. Akala, akaongezwa, habari ya kugawanya watoto hakuigusa tena.

Lakini mimi naikumbuka zaidi Jumatano ile ya kwanza. Nilipanda peke yangu, nikang'oa bonge la udongo na nyasi lililoziba mdomo wa mfereji wetu, maji yakateremka kwenye viazi. Adhuhuri ilipofika hapakuwa na mtu wa kunitazama. Nikalirudisha bonge mahali pake, nikalikanyaga kwa miguu yote miwili, nikiruka kama watoto wangu.