Nati ya Mwisho kwa Memuna

Mimi nauza wali wa maharage mkabala na gereji ya Memuna hapa Sokodé, Togo, na nasema wazi: mwanamke yule ana kichwa kigumu kuliko bolti iliyoshika kutu. Marehemu baba yake alimwachia spana na desturi moja. Pikipiki ikishatengenezwa, mwenyewe huitwa, akashika spana pamoja na fundi, wakakaza nati ya mwisho mpaka igome. Bila hivyo mteja wa kwetu haondoki, anaona kapunjwa.

Alasani ni mfumaji wa Bafilo, mji wa jirani. Pikipiki yake ni ya zamani, injini imefungwa chuma kwa chuma kwenye fremu. Kila wiki huleta vitambaa sokoni, na akifika vidole vimekufa ganzi kwa mtetemo. Siku moja sahani yangu ilimponyoka, wali wote chini.

"Uzi ukikatika siuhisi tena," akasema. "Vitambaa viwili vimerudishwa mwezi huu. Mfumaji asiyehisi uzi atakula nini?"

Memuna akaacha kula. "Niletee hiyo pikipiki, baba."

Memuna alikata masikio, vile vyuma vya fremu vinavyoshika injini, akachomelea mengine yenye nafasi, kila sikio akalitia raba nene aliyoichonga kwenye tairi la lori. Kisha wakakaza nati ya mwisho pamoja, kwa bidii, hadi ikalia. Alasani akaondoka anacheka.

Wiki iliyofuata alirudi na mikono ileile yenye ganzi. Memuna alipofungua, raba zilikuwa zimelala bapa.

"Tumeziua wenyewe, baba. Raba ikibanwa hivi, mtetemo wote unapita. Safari hii tusikaze mpaka mwisho."

"Astaghfirullahi! Nishuke mteremko wa Aledjo na nati imelegea? Baba yako angekuchapa!"

"Baba yangu hakuwahi kufunga raba!"

"Basi nirudishie chuma changu, nife na ganzi yangu."

Nikaingilia. "We Memuna, si umkubalie tu mzee aende zake?"

"Mama Rafia, koroga maharage yako."

Ala! Mimi huyo! Iliniuma, lakini nikakoroga.

Siku mbili Memuna hakugusa chakula changu. Nilimwona amechuchumaa, anakata vipande vya bomba la chuma, anapima, anatupa, anakata tena. Mwisho akapata vipande vifupi kidogo kuliko unene wa raba, akakipenyeza kila kimoja kwenye tundu la raba yake, bolti ikapita katikati. Nati sasa ingegota kwenye chuma, raba ibaki na pumzi yake.

"Haya, baba. Njoo ukaze. Usinionee huruma."

Alasani alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nati ikagoma. Raba zikabaki nene. Alipowasha, injini ilicheza peke yake, usukani umetulia.

"Tutaona," akasema, akaondoka bila kucheka.

Siku ya soko alirudi. Akashuka, akasimama mbele ya Memuna.

"Mikono vipi, baba?"

Alifumba macho, akapitisha vidole kwenye mkono wa ovaroli ya Memuna, taratibu, juu ya grisi na viraka, hadi begani. Pale vikasimama.

"Hapa uzi umekatika," akasema, na macho yakiwa bado yamefumbwa akaufunga fundo.

Memuna, na kichwa chake chote kile, akageukia ukutani. Mimi nililia kwa niaba ya wote watatu, na maharage yakaungua.