Mota ya Maji na Tamthilia ya Baba

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule yenye kompyuta mbili ambazo hufanya kazi kwa zamu, moja ikipona nyingine inaugua. Nalisema hili mapema ili mnielewe. Mtu anayenyimwa mashine kazini huenda kuzimalizia hamu nyumbani, na nyumbani kwangu ni Ilembo, kwa baba yangu mzazi, ambaye hakuniomba mashine yoyote.

Baba alifanya kazi reli maisha yake yote, na miaka mingi ya mwisho alikuwa hapa hapa stesheni ya Mpanda. Yeye ndiye aliyevuta vyuma vya kubadilisha njia na kuandika kitabuni kila treni iliyoingia na iliyotoka, kwa saa na dakika. Amestaafu, lakini hakuna aliyemwambia. Chakula cha jioni kwetu ni saa moja na nusu. Kikichelewa, haulizi kama kimeungua. Anauliza, "Chanzo cha kuchelewa ni nini?" na anasubiri jibu kamili.

Mama alipofariki nilihamia kwake. Mimi ni kitinda mimba, sina mume, na ndugu zangu walikaa kikao wakagundua kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Nikafungasha vitu vyangu, zikiwemo balbu zinazoamriwa kwa simu, plagi ya aina hiyo hiyo niliyokuja kuifunga kwenye mota ya kisima, na kisanduku cheupe kama sabuni ya kuogea ambacho kazi yake ni kuviunganisha vyote. Baba alikitazama kile kisanduku siku ya kwanza akauliza kama kinaliwa.

Kilichobaki ilikuwa runinga. Nilipata runinga janja kutoka Dar, na Baba akakataa katakata isije kwa basi. Ilikuja kwa treni. Alikwenda kuipokea mwenyewe, akalikagua boksi pande zote sita, na tukarudi kwa bajaji, yeye ameikumbatia njia nzima kama mtu anayemtoa bibi harusi kanisani.

Jumapili, baada ya misa, nikaanza kuiunganisha na mfumo wa nyumba. Kwenye picha ya boksi kazi hiyo inafanywa na mwanamke anayecheka. Mimi sikucheka. TV ilitaka waifai. Nikaipa. Ikataka akaunti. Nikaifungulia. Ikaleta masharti, kurasa na kurasa, na mimi kama binadamu wote nikataka kubonyeza "nakubali".

"Ngoja," Baba akasema. "Umesoma?"

"Baba, hakuna mtu anayesoma haya."

"Mimi nilisomeshwa kanuni za reli miezi mitatu kabla sijagusa chuma. Soma."

Nikamsomea, nikitafsiri kadiri nilivyoweza. Kufika kipengele cha nne alikuwa anakoroma. Nikakubali kwa niaba ya ukoo.

Kisha kisanduku kikaanza kuitafuta TV. Vitu hivi viwili vilikuwa juu ya meza moja, vimeachana shubiri moja, na bado kisanduku kilisema hakioni kitu. Nilizima, nikawasha, nikafuta, nikaanza upya, nikatamka maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Baba akaamka.

"Hebu niambie," akasema. "Hapa mkubwa ni nani? TV au hicho kisanduku?"

"Mkubwa ni simu yangu, Baba."

"Nilidhani ni mimi."

Wakati huo huo TV ikakubali. Taa za sebuleni zikapepesa mara mbili kutoa taarifa, na mimi nikaruka juu kama mtu aliyefunga bao. Kumbe kosa lilikuwa langu: TV nilikuwa nimeipa mtandao wa simu yangu, kisanduku kikiwa kwenye waifai ya nyumba, na ni mara ya mwisho nilipoanza upya ndipo nilipoipa ya nyumba. Sikumwambia mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza nasema.

Jioni ile nikaandika amri. Ya kwanza ilikuwa ya madoido: TV ikiwaka, taa za sebuleni zififie na kugeuka zambarau. Sebule yetu ina dirisha moja dogo, taa zinawaka hata mchana, kwa hiyo niliona itapendeza. Amri ya pili ilikuwa ya maana. Mota ya kisima ina kelele, na ikinguruma picha ya TV inatetemeka. Nikaandika: TV ikiwaka, mota isimame. TV ikizimwa, mota iendelee kupandisha maji kwenye tangi, mpaka mimi nitakapoiambia basi. Na ili nijue muda wa kuiambia basi, nikaiagiza simu inijulishe kila TV inapowashwa na kila inapozimwa, popote nilipo.

Baba alinisikiliza nikimweleza, akakunja uso. "Yaani maji yanaongozwa na TV?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Si yaongozwe na tangi?"

Nilimwambia ni jambo la kitaalamu kidogo.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Niko darasani nachora picha ya kompyuta ubaoni, simu inatetemeka mfukoni: TV imewashwa, saa nane kamili. Saa kumi inatetemeka tena: TV imezimwa. Naacha dakika ishirini, nabonyeza, mota inanyamaza kule Ilembo. Nilijiona Mungu mdogo wa maji. Nikagundua pia kwamba mzee wangu, ambaye kila mtu anajua haangalii chochote zaidi ya taarifa ya habari, anakaa mbele ya TV saa mbili nzima kila mchana. Anaangalia nini, simu haikusema. Nikakaa kimya, nikafurahi kwamba anachangamka.

Ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya, majirani wa parokia wanaosali pamoja nyumba hadi nyumba. Jumamosi, saa nne asubuhi, wanajumuiya wakajaa sebuleni, viatu wameviacha nje barazani kwa sababu Baba alikuwa amepiga deki mwenyewe na kusimama mlangoni. Mwenyekiti wetu ni mzee mpole mwenye hasira moja tu, nayo ni simu zinazolia katikati ya sala. Kwa hiyo huwa anapitisha kikapu. Simu zote zinaingia kikapuni zikiwa zimezimwa, kikapu kinakaa miguuni pake. Nikaweka yangu. Baba, ambaye kwa maelezo yake alikuwa akipitia habari za asubuhi, alikuwa ameizima TV kwa heshima zote mgeni wa kwanza alipobisha hodi. Nje mota ilikuwa imeitikia kwa mngurumo, na mimi nilikuwa nikifikiria maandazi niliyoyaacha jikoni.

Rozari ikapita. Tafakari ikapita, ndefu. Tulipofika kwenye litania, mama katibu wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akaniinamia na kuninong'oneza, "Mwalimu, mvua hiyo. Una nguo kwenye kamba?"

Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa kali kama pasi.

Ndipo nikaelewa. Tangi lilikuwa limejaa tangu asubuhi na mota ilikuwa bado inapandisha maji, kwa utii kabisa, ikisubiri neno kutoka kwenye simu iliyozimwa ndani ya kikapu chini ya miguu ya mwenyekiti. Mlangoni niliona kandambili ya pinki ikipita taratibu, ikifuatiwa na kiatu cha ngozi.

Mtu mwenye akili angeinuka, akatoka, akachomoa plagi. Lakini kati yangu na mlango kulikuwa na kinamama kumi na saba waliopiga magoti, na kati yangu na rimoti kulikuwa na stuli moja. Nikawaza kitaalamu: TV ikiwaka, mota inasimama. Nitaiwasha bila sauti. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza.

Sauti haikuzimika. TV hizi zina tabia ya kuendelea pale mtumiaji wa mwisho alipoishia, na Baba, kumbe, kabla ya wageni kuingia hakuwa kwenye habari. Taa zikafifia, sebule nzima ikawa zambarau kama baa, na kwenye kioo kikubwa akatokea mwanamume wa Kituruki, kifua wazi, amemshika mwanamke mabega. Sauti iliyotafsiriwa kwa Kiswahili safi ikajaza nyumba:

"Niambie ukweli! Huyu mtoto ni wa nani?"

"Utuombee," jumuiya ikaitikia.

Walikuwa katikati ya litania, midomo imeshazoea mwendo. Waliofumba macho waliitikia mara ya pili, mwanamke wa kwenye TV alipolia kwamba anampenda. Kisha kimya. Mota nje ilikuwa imenyamaza pia, kwa hiyo kimya chenyewe kilikuwa kikubwa.

Nikatafuta kitufe cha kuzima, halafu nikakumbuka kwamba nikizima, mota inawaka tena. Nikabaki nimeshika rimoti hewani. Mwenyekiti akanitazama. Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama sakafu.

"Hiyo ni sehemu ya juzi," akasema mama katibu, kwa sauti ya mtu asiyeweza kujizuia. "Mtoto si wake. Ni wa kaka yake."

"Usiseme!" akapaza sauti Baba.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia kwenye jumuiya. Kuna mama alicheka mpaka akalala ubavu. Mwenyekiti mwenyewe alijifunika uso na kitabu cha nyimbo na kitabu kikawa kinatikisika. Nilipata upenyo, nikatoka nikichechemea kwa magoti yaliyokufa ganzi, nikachomoa plagi. Kisha tukaenda wote kutafuta viatu, vingine mtaroni, vingine kwenye matembele ya jirani. Vyote vilipatikana isipokuwa kimoja cha mwenyekiti. Alirudi kwake kwa bajaji amevaa mabuti ya mvua ya Baba, na kabla ya kupanda alitubariki.

Mchana, tulipobaki wawili tukikamua madekio, nikaona nimfariji Baba.

"Usione aibu," nikamwambia. "Tamthilia kila mtu anaangalia. Mimi mwenyewe nilishajua. Kila siku unawasha saa nane, unazima saa kumi."

Akaacha kukamua. "Umejuaje?"

Nikamweleza habari ya simu. Nilianza kwa kujiamini, lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo maneno yalivyozidi kunuka, hata mimi mwenyewe niliyasikia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Una tarehe zote?"

"Ziko kwenye simu, ndiyo."

"Na ile Jumatano niliyokuwa na homa?"

"Siku hiyo hukuwasha. Niliona. Ndiyo maana niliwahi kurudi."

Akalitundika dekio kwenye ukuta, polepole. "Mama," akasema, na huniita hivyo anapokuwa ameumia, "mimi nimeandika treni kitabuni miaka thelathini na kitu. Imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi. Treni haina aibu. Mimi ninayo."

Akaingia chumbani. Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. TV aliifunika kwa kitambaa cha kochi. Chakula nilikichelewesha makusudi ili aniulize chanzo, hakuuliza. Siku tatu hizo nilimkasirikia kwanza, kwa sababu nia yangu ilikuwa njema na watu wenye nia njema tunapenda kushukuriwa. Halafu nikafungua ile orodha kwenye simu, nikaisoma mstari kwa mstari. Kulikuwa na siku aliyowasha saa tisa usiku, mara nne, dakika chache chache. Ilikuwa wiki ile ya kumbukumbu ya Mama. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili, na asubuhi niliikuta mota inanguruma nikaizima bila kujiuliza.

Nikaifuta orodha yote. Nikaenda kumwonyesha, simu mkononi.

"Sasa haisemi tena," nikamwambia. "Ukiwasha, ukizima, ni wewe na TV yako."

Akavaa miwani, akakagua kioo cha simu jinsi alivyolikagua lile boksi. "Na maji?"

"Sijui. Nifundishe."

Nadhani hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Akachukua kalamu, akachora tangi, bomba na mota nyuma ya kalenda ya parokia. "Kila kitu kiongozwe na kile kinachokihusu," akasema. "Maji yaulize maji. Na mfumo ukikosa mawasiliano, usimame, usiendelee. Treni ikikosa ishara haisemi 'ngoja nijaribu.' Inasimama." Keshokutwa yake fundi akaja kufunga boya ndani ya tangi: maji yakifika juu, boya linakata umeme wa mota, basi. Halina waifai wala masharti ya kusoma. Nilisimama chini ya ngazi nikimshikia fundi bisibisi, na Baba akasimama juu ya stuli akimsimamia fundi, ambaye hakuwa amemwomba.

TV bado imeunganishwa na taa. Zambarau aliikubali, anasema inampunguzia maumivu ya macho. Na jioni, baada ya chakula, tunaangalia wote wawili wazi wazi. Huyo Mturuki simpendi, namwona mwongo, na Baba anamtetea kama vile ni mtoto wa dada yake.

Shuleni, wiki ile ya kwanza, saa nane ilipofika mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Simu ilikuwa kimya. Nikatoka nje ya darasa, nikampigia.

"Kuna nini?" akajibu.

"Hakuna. Nakujulia hali tu."

Akaanza: mbuzi wa jirani wameingia kwenye mchicha, goti la kushoto limeamka vibaya, amekula kiporo cha wali na maharage na maharage yalikuwa na chumvi nyingi, na amepata barua ya pensheni ambayo jina lake limekosewa tena. Wanafunzi wangu walichungulia dirishani mara mbili. Sikumkatisha.