Barua Niliyomsomea Mwalimu Huko Kabazi

Mwalimu wangu wa nasari tulimzika kijijini Kabazi, shambani kwake, siku ya mvua nyepesi isiyoisha.

Nilifika darasani kwake nikiwa na miaka mitano, familia yetu ikiwa imehama Keringet kuja Nakuru mjini. Sikujua Kiswahili, na yeye hakujua lugha ya kwetu. Wiki ya kwanza nililia mpaka sauti ikakauka. Akaenda kwa mlinzi wa lango, mzee wa huko kwetu, akajifunza kusema kwa lugha yetu njaa, choo, na mama anakuja. Aliyatamka vibaya hata nikacheka. Hilo la mwisho aliniambia kila siku wakati wa uji, na kila siku mama alikuja.

Kusoma alinifundisha yeye. Aliweka kidole changu chini ya neno, na chake kando ya changu, tukasogea polepole. Nikikimbia alisema tu, "Umeruka mstari," tunarudi.

Alipostaafu nilizoea kumtembelea kila Agosti. Mwaka huu nilimkuta mlangoni akichambua maharagwe kwa kupapasa. Macho yalikuwa yamemwisha. Hata hivyo alinipikia chai mwenyewe, akakataa nimsaidie. Kisha akatoa karatasi chini ya kitambaa cha kochi.

"Hii ni ya hospitali. Nisomee. Sitaki majirani waisome."

Ilikuwa kwa Kiingereza cha madaktari, nikawa namfafanulia. Nilisoma jina lake, umri wake, vipimo alivyofanyiwa. Nikafika palipoandikwa kwamba uvimbe umeshafika kwenye ini na hakuna upasuaji utakaosaidia. Hapo nikapita. Nikasoma tarehe ya kurudi kliniki.

"Umeruka mstari, mtoto wangu."

Nikausoma. Akaniomba niurudie, nikaurudia. Halafu akauliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Nilipoinuka kwenda alinishika mkono. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa Eldoret, na wakati huo binti huyo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilimtoka.

"Asijue," alisema. "Ajifungue kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

"Sawa, Mwalimu."

Hakungoja mtoto azaliwe. Wiki ya sita tangu siku hiyo akafa.

Siku ya mazishi binti yake alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, tumbo limejaa, viatu vimelowa tope. Kaburi lilipofunikwa alinitumia mtu aniite. Nikaenda nikachutama mbele yake.

"Ni wewe ulimsomea mama barua?"

"Ni mimi."

"Lini?"

"Agosti, mwanzoni."

Akatazama pembeni. "Mimi aliniambia kwa simu siku mbili kabla ya kufa. Sauti ilikuwa imeisha, sikusikia hata nusu."

"Aliniomba nisikuambie."

"Najua alikuomba. Mama alikuwa hivyo. Lakini wewe ni mtu mzima. Ningekuja, hata kama ni kutambaa. Ningemlisha. Ningelala naye kitanda kimoja."

Nikasema pole. Ilitoka kama neno la kusalimia mtu njiani. Wanawake wa kanisa wakamwinua wampeleke nyumbani akapumzike. Nilibaki pale nimechutama mpaka miguu ikafa ganzi.

Mtoto amezaliwa, msichana, na amepewa jina la nyanya yake. Habari hiyo ililetwa na mama yangu. Nilifurahi, kisha nikaingia jikoni nikafungulia maji ya mfereji ili nisisikike nikilia.

Mama hunifariji, ananiambia nilitii neno la mgonjwa na hakuna dhambi hapo. Labda. Lakini kutii kulinifaa mimi pia, kwa sababu kuliniondolea kazi ya kumsomea mtu mwingine ule mstari. Jioni ile nikishuka kutoka kwa Mwalimu nilikuwa na namba ya binti yake, simu ilikuwa na chaji, na netiwaki ilikuwepo barabara yote.