Cheti cha Akili Timamu cha Fundi Otto

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Hapana, nimekosea. Tisini na mbili fundi Otto alikuwa bado anasukuma randa kwa mikono miwili, na nusu ya milango ya mtaa wetu wa Lizaboni kaichonga yeye. Basi ilikuwa tisini na nne, baridi ya mwezi wa saba, ile ya Songea inayomvalisha mtu makoti mawili ya mitumba na bado akajikunyata.

Baridi yabisi ilikuwa imemshika viungo vyote. Vidole vimevimba kama tangawizi, magoti hayakunjiki. Lakini ukimuuliza kinachomuua ni nini, hakutaja vidole wala magoti.

"Usingizi," alisema. "Nirudishieni usingizi wangu, haya mengine nitabeba."

Mwaka mzima alikuwa akilala kwa muda wa saa moja, saa moja na nusu tu, kisha macho makavu mpaka jogoo. Mchana akawa mkali kama nyigu. Alimfukuza mteja kwa kosa la kukohoa. Alimkaripia binti yake Suzana, aliyebaki naye peke yake tangu mama yake afariki, kwa sababu uji una moto. Majirani nao kila mmoja daktari: huyu anasema kanywe pombe ya ugimbi, yule achemshe majani ya mpera. Ugimbi alikunywa. Akaamka na baridi yabisi ile ile, na kuumwa kichwa juu yake.

Daktari Kassimu, kijana wa Tunduru aliyehamishiwa hospitali mwaka ule, ndiye aliyemsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, sikufichi," alisema akiandika. "Kidonge hiki kilitengenezwa kwa watu wenye huzuni nzito, ile inayomwangusha mtu kitandani. Lakini kwa kiasi kidogo tunakitumia pia kwa maumivu yasiyoisha, maana kinaleta usingizi. Huumwi akili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari. Hata ingekuwa ya ng'ombe, nipe."

Haikupita muda Otto akawa analala kwa saa tano, saa sita nzima. Mdomo ulimkauka kama aliyelamba vumbi la mbao, na asubuhi aliyumba kidogo. Hakujali. Siku moja Suzana alisikia mluzi karakanani, akaacha sufuria motoni akaenda kuhakikisha ni baba yake kweli.

Balaa lilianza siku dirisha la dawa la hospitali lilipoishiwa vidonge. "Kanunue nje," wakamwambia. Nje! Miaka ile ruhusa ya watu binafsi imetoka, kila mtu anafungua duka la dawa. Aliyekuwa akiuza ndala jana, leo kavaa koti jeupe. Saimon alikuwa mmoja wao. Alipokea karatasi ya daktari, akashusha boksi, akatoa ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani yake, akaisoma akifuata mistari kwa kidole. Duka limejaa watu.

"Mzee Otto! Mbona hii dawa ya machizi? Nani kachanganyikiwa nyumbani?"

Watu wakacheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya dawa ya kikohozi: Bartolomeo, mshenga aliyeleta barua ya kumposa Suzana tangu mwezi wa tano, kwa niaba ya Mzee Fulgence na kijana wake Athanasi.

Na mshenga kwetu habebi barua tu, hubeba na macho. Kabla mahari haijatajwa, ukoo wa mvulana huulizia: kwao kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Otto mwenyewe aliulizia hivyo hivyo kabla hajaoa.

Jumapili iliyofuata Bartolomeo akaja, akakataa kiti.

"Baba Suzana, wazee wanauliza. Yalianza lini?"

"Yapi?"

"Hayo mambo ya kichwa."

"Naumwa magoti, Bartolomeo! Magoti!"

"Ndiyo, mzee mwenzangu. Ila usipandishe sauti. Nikiwaambia ulipandisha sauti, itakuwa mbaya zaidi."

Hapo Otto akatambua. Kumbe mtu akishaitwa mwendawazimu amezibwa mdomo: akinyamaza, kazidiwa, akifoka, si mmeona?

Sasa Otto alikuwa mtu wa zamani zile, sukari kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, safari kwa barua, hata mbao za msituni kwa barua. Akaamini hakuna neno lisiloshindwa na muhuri. Akarudi kwa Daktari Kassimu kuomba cheti.

"Mzee, karatasi hii haitakusaidia," daktari alisema.

"Muhuri unao?"

"Ninao."

"Basi gonga."

Akaenda na Suzana kwa Mzee Fulgence, shati limepigwa pasi. Wazee wanne wamekaa. Fulgence akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Aliyetajwa hapo juu ana akili timamu." Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma, akairudisha mbele.

"Otto, nina miaka sitini na tatu. Karatasi ya namna hii sijawahi kuwa nayo. Bartolomeo, wewe unayo?"

"Sina, mzee."

"Nani anayo hapa?"

Wazee wakaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Kumbe Songea nzima ni Otto tu aliyelazimika kupimwa!" mmoja wao akasema.

Walipokwisha kucheka, Fulgence akalainisha sauti. "Mtoto hatumkatai. Baba yake aache vidonge mpaka mavuno, tumwangalie. Akikaa sawa, tutaendelea."

Otto alimtazama binti yake. Alijua anampenda Athanasi. Mashuka ya kwenda nayo alikwisha kuyadarizi. Akameza hasira chungu kama shubiri, akafumbua mdomo akubali.

"Baba haachi," Suzana akasema.

"Suzana, wazee wanaongea."

"Nimewasikia, baba, na nawaheshimu. Lakini mwaka ule uliokuwa hulali nilikaa nawe mimi, wao hawakuwepo. Huachi."

Siku ya nne Bartolomeo akaja kuichukua barua ya posa.

Otto aliendelea na vidonge, na aliendelea kulala. Hasira haikulala naye. Aliamka nayo mbichi kila asubuhi: juu ya Saimon na koti lake la kuazima, juu ya wale wazee, juu yake mwenyewe na ule muhuri. Suzana alipotoka na ndoo bila kuimba, ilimzidi. Na kila Jumapili baada ya misa alimngoja Bartolomeo kwenye ngazi za kanisa, akamshika mkono wa shati, akamuuliza neno moja, lile lile. Bartolomeo akatazama viatu vyake. Fulgence naye aliulizwa, akapanda baiskeli. Hakuna aliyemjibu mpaka leo:

"Mwaka mzima sikulala, mkanisifu, mkaleta barua. Nimelala miezi miwili, mkaja kuichukua. Hebu niambie: mwendawazimu alikuwa Otto yupi?"