Kapsuli za Kugawana na Paka

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo pale Kalamba, nilimkuta nyanya mmoja amempakata paka mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Daktari wa mifugo alikuwa na majibu ya maabara.

“Susu,” akamwita nyanya kwa Kikamba, “ulikuwa unamtibu na nini?”

“Kapsuli zangu za kifua. Nikimeza moja, nyingine namnyunyizia unga wake kidondani.”

“Basi hakuna aliyemaliza dozi. Vijidudu vya kidonda havisikii tena dawa hiyo. Nakupa hii mpya; nayo ikikataa, mguu tutaukata.”

Nyanya alimziba paka masikio kwa leso. “Sema polepole, daktari. Asidhani ni makosa yake.”

Huku kwetu mwenye kidogo hugawa, na sioni wa kumlaumu. Mlangoni nilimsikia akimnong'oneza paka, “Hii ni yako yote. Nikikohoa, usinihurumie.”