Nilimuuliza Mbele Yake

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mpemba, jirani na mpaka wa Zambia, na wanaonifahamu watakwambia sina subira na mdomo wangu hauna breki. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Siku niliyotakiwa kuwa mkali, nilitulia kama maji mtungini.

Ilikuwa saa nne, watoto wanakunywa uji. Mwanamume mmoja nadhifu akaingia ofisini, akavua kofia, akanisalimia kwa Kinamwanga, lugha ya kwetu. Akajitambulisha kuwa mjomba wa msichana mmoja wa darasa langu, darasa la sita. Bibi wa mtoto yuko mahututi upande wa Zambia, anataka kumwona mjukuu. Akataja ukoo, akataja kijiji. Sasa nani amdai mjomba wa mtu kitambulisho? Kwetu hilo ni tusi. Nusu ya watoto wetu wana ndugu ng'ambo, na mpaka huo wanauvuka kama wengine wanavyovuka barabara.

Nikaagiza mtoto aitwe. Alipofika tu, mjomba akamshika mkono. Nikauliza, "Unamfahamu huyu?" Akainamisha macho. "Ndiyo, mwalimu. Ni mjomba." Nikasema moyoni, huyu mtoto kalelewa, ana adabu. Nikamruhusu. Tena nikawapa pole ya kuuguliwa!

Saa kumi mama yake akaja kuuliza mbona mtoto hajarudi nyumbani. Nilipomweleza, akakaa chini palepale.

"Bibi gani, mwalimu? Mama yangu nilishamzika. Huyo kaka yangu anataka kumwoza mwanangu, na mimi nilikataa."

Jamani. Mtoto wa miaka kumi na tatu, na mimi ndiye niliyemtoa darasani kwa mkono wangu.

Siku tatu sikula. Mama alivuka mpaka pamoja na polisi, wakaulizia kwa ndugu nyumba hadi nyumba, wakampata kabla hajaozwa. Alirudi mzima. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, lakini aibu haikuniondoka.

Aliporudi shuleni nilimwita, nikamwomba radhi. Kisha, kwa uchungu niliokuwa nao, nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniambia kitu. 

"Mwalimu, uliniuliza mbele yake. Alikuwa amenishika mkono."

Nimefundisha miaka ishirini. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Baadaye tulifanya kikao cha walimu kuhusu usalama wa watoto. Mkuu wa shule alitaka tujenge uzio, tuwe na daftari la wageni na namba za simu za wazazi wote. Yote mazuri, nikaunga mkono. Nikaomba tuongeze moja: mtoto yeyote anayefuatwa aulizwe kwanza peke yake, aliyemfuata akisubiri mbali, hata akiwa nani. Wazazi wengine walinung'unika kwamba tunawadhalilisha. Kaka yangu mwenyewe alikuja kumchukua mwanawe kwa ajili ya msiba kijijini Chitete, nikamsimamisha mbali, juani, hadi nimuulize mtoto.

"Dada, hata mimi?"

"Hata wewe."

Alininunia miezi miwili. Na anune! Mtoto akipotea, heshima ya mjomba au ya baba itamrudisha?

Yule msichana sasa yuko darasa la saba. Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko, alinijia uwanjani akiwa amemshika mkono binti mdogo wa darasa la pili. Alikuwa amembembeleza njia nzima, maana macho ya yule mdogo yalikuwa bado yamelowa.

"Mwalimu," akasema, "huyu ana jambo la kukwambia."

Nilidhani atalisema yeye kwa niaba yake. Hakulisema. Alimwachia mkono, akatembea hadi upande wa pili wa uwanja, akatugeuzia mgongo, akasubiri.